Kadi ya Njano ni Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Safari ya Pikipiki kwenda Nchi Jirani

1. Karatasi ya dukani

Pembeni mwa barabara itokayo Mwanza, pale Kigongo wilayani Misungwi, tulikuta karatasi moja imebandikwa ukutani mwa duka la vipuri vya pikipiki. Imepigwa chapa kwa Kiswahili, na yawaeleza waendesha pikipiki mahitaji ya safari ya kuvuka mpaka. Haina jina la mtungaji wala la ofisi, nasi hatukusudii kumtafuta aliyeiandika. Tuliinakili kwa sababu maneno yake si yake peke yake. Ni maneno yale yale yasikikayo madirishani na vituoni, na yapitayo kila siku mezani petu sisi tunaofasiri, tunaofundisha na tunaohudumia umma. Kwa hiyo uhakiki huu si wa kumcheka mtu. Ni wa kujitazama sisi wenyewe.

Karatasi inataja mahitaji saba: pasi, leseni yenye daraja, kadi, bima ya mtu wa tatu, kadi ya njano, kibali cha muda, na stakabadhi nyinginezo. Msafiri aliyekwisha kuvuka mpaka mara kumi ataielewa bila shida, lakini huyo hana haja nayo. Msafiri ambaye hajavuka hata mara moja, ambaye ndiye aliyeandikiwa, hataielewa. Na lililo baya zaidi ni kwamba atadhani ameielewa.

Kigongo ni mahali pafaapo kuanzia mazungumzo haya. Kwa miaka mingi hapo ndipo wasafiri walipongojea vivuko vya kuvukia Ghuba ya Mwanza hadi Busisi, upande wa Sengerema. Majina ya MV Mwanza na MV Misungwi hayawezi kuwatoka wakazi wa huko. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3, na sasa pikipiki huvuka ghuba kwa dakika chache. Kutoka Busisi barabara hupita Sengerema na Geita, kisha njia hugawanyika. Wapo waendao Biharamulo na Ngara hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, au Kabanga, mpakani na Burundi. Na wapo washikao njia ya Bukoba na Kyaka hadi Mutukula, mpakani na Uganda. Aelekeaye Kenya hapiti Kigongo. Yeye hushika njia ya Magu na Bunda hadi Sirari.

Zamani foleni ya kivuko ilikuwa darasa la namna yake. Asiyejua aliuliza, ajuaye akajibu, na mashaka mengi yaliisha kabla kivuko hakijatia nanga ng'ambo. Daraja limeondoa foleni, nasi twashukuru. Ila pamoja na foleni limeondoa pia muda wa kuulizana. Tangu sasa karatasi hapana budi ijieleze yenyewe.

2. Maana mbili katika dirisha moja

Hatusemi kwamba neno moja halipaswi kuwa na maana zaidi ya moja. Lugha zote zina maneno ya aina hiyo, na Kiswahili kinayo mengi. Mfano mwema umo katika karatasi yenyewe: "leseni yenye daraja". Pale Kigongo neno "daraja" hutajwa kutwa, nalo huwa na maana ya kile kilichojengwa juu ya maji. Hata hivyo mwendesha pikipiki akiulizwa, "Leseni yako ni ya daraja gani?" hatafikiri juu ya nguzo na zege. Atajibu kwamba ni daraja A, au kundi lake dogo linalohusu pikipiki aliyo nayo. Maana hizi mbili huishi katika nyumba mbili. Hazigombani kwa sababu hazikutani.

Kutokana na mfano huu twaweza kupata kanuni ambayo, kwa maoni yetu, yafaa itumiwe na kila atungaye istilahi za ofisi: utata wa neno hudhuru pale maana zake mbili zinapokutana mahali pamoja, siku moja, mbele ya mtu mmoja. Hapo muktadha hauwezi kusaidia, kwa maana muktadha ni ule ule.

Tuipime kwa kanuni hiyo "kadi ya njano". Mpakani jina hili hutumika kwa hati mbili. Ya kwanza ni cheti cha kimataifa cha chanjo, kijitabu cha manjano ambacho kwacho msafiri huonyesha kwamba amechanjwa homa ya manjano. Ya pili ni hati ya bima ya COMESA, ambayo mwenye chombo cha moto hukata ili bima yake itambuliwe katika nchi aingiayo. Hati zote mbili huenda zikaulizwa katika kituo kimoja, ndani ya saa moja: afisa wa afya ataka ile, na afisa wa usalama barabarani ataka hii. Wapenzi wa mpira nao wana kadi ya njano yao, lakini hiyo haina ubaya, maana mwamuzi hakai mpakani. Zile mbili za kwanza ndizo zinazogombana.

Pengine msomaji atasema kwamba kosa likitokea litarekebishwa hapo hapo: msafiri atatoa hati moja, aambiwe si hiyo, atoe nyingine. Ingekuwa hivyo kama angekuwa nazo zote mbili. Lakini tumfikirie kijana wa Misungwi aliyechanjwa miaka kadhaa iliyopita. Anasoma ukutani kwamba yatakiwa kadi ya njano. Anaikumbuka ile iliyomo kabatini. Anaitia mfukoni na kuondoka akiwa na amani. Kwake sharti limetimia. Hana sababu ya kuuliza zaidi, kwa kuwa neno halikumwachia swali.

Tena hati hizi mbili hutofautiana katika jambo lililo kubwa kuliko rangi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa utaratibu wa kimataifa ulioanza kutumika tarehe 11 Julai 2016, huwa halali kwa uhai wote wa aliyechanjwa; kabla ya hapo kilihesabiwa miaka 10. Hati ya bima, kinyume chake, ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, nayo haizidi muda wa bima ya nyumbani ambayo juu yake imekatwa. Basi mtu aliyefundishwa kwamba "kadi ya njano haiishi muda" amefundishwa kweli kuhusu hati moja, na amepotoshwa kuhusu ya pili. Jina moja limebeba habari mbili zinazopingana.

Asili ya jina la rangi yaeleweka. Huko Ulaya, mfumo wa bima ya magari yavukayo mipaka ulianzia katika pendekezo la mwaka 1949, na hati yake ikaitwa kadi ya kijani. Nchi za Afrika Magharibi, chini ya ECOWAS, zilitia saini itifaki ya kadi ya kahawia mwaka 1982. Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilifuata mwaka 1986 kwa itifaki ya kadi ya njano, zilipokuwa bado katika Eneo la Biashara Nafuu lililokuja kuwa COMESA. Kila eneo lilichagua rangi ili maafisa waitambue hati kwa mbali hata kama hawakujua lugha iliyoandikwa. Hiyo ilikuwa hekima. Lakini tangu Julai 2020 kadi ya kijani ya Ulaya imeruhusiwa kuchapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na hati ya COMESA nayo imeingizwa katika mfumo wa kielektroniki. Rangi inaondoka, jina la rangi limebaki likielekeza kwenye kitu ambacho macho hayakioni tena.

Kuna na tatizo la jina "COMESA" lenyewe. Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa bima, na mpaka leo hati hiyo hutolewa nchini. Mwananchi akiambiwa akakate "kadi ya COMESA" ana haki ya kujibu, "Sisi si wanachama." Jina hilo ni la kweli kwa upande wa asili yake, ila halimwambii mtumiaji lile analotaka kujua, yaani hati hii yamfanyia kazi gani.

3. Huyu mtu wa tatu ni nani?

Tuje kwenye istilahi nzito zaidi, "bima ya mtu wa tatu". Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yamlazimu kila aendeshaye chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya aina hii. Si jambo la hiari, wala si la matajiri. Mwendesha bodaboda wa Usagara na mwenye basi la kwenda Bukoba wote wamo. Basi tungetazamia kwamba istilahi inayomgusa kila mwenye chombo ieleweke na kila mwenye chombo.

Mfasiri wa kwanza alilitafsiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande, naye hakukosa hesabu. Katika mkataba wa bima wa kwanza ni mkata bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni mtu yeyote mwingine awezaye kudhurika kwa chombo kile. Mwanasheria anaziona nafasi hizo tatu mara moja. Lakini mwendesha pikipiki haanzi kuhesabu kutoka kwenye mkataba. Anaanza kutoka kwenye kiti. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, wa pili ni abiria wake, na wa tatu ni yule anayepakiwa nyuma ya abiria, katika ule upakiaji tunaouita "mshikaki". Si dhihaka kusema hivyo. Ndiyo njia ya kawaida ya kuhesabu watu juu ya pikipiki, na istilahi haikumpa msafiri njia nyingine.

Matokeo yake ni makosa ya aina mbili. Wapo wadhanio kwamba bima hiyo yahalalisha kupakia watu watatu, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Na wapo wadhanio kwamba, kwa kuwa wao hawapakii mtu wa tatu, bima hiyo haiwahusu isipokuwa kwa ajili ya kumridhisha askari. Wote wawili hawamwoni mtu ambaye bima iliwekwa kwa ajili yake: mama avukaye barabara sokoni, mtoto atokaye shule, mwendesha baiskeli aliyebeba samaki, au mwenye gari jingine. Mtu huyo hayumo katika pikipiki wala katika mkataba. Ametokea tu njiani. Neno "wa tatu" limemficha.

Sarufi yetu nayo imesaidia kumficha. Kwa Kiswahili husemwa "kukata bima", kama vile husemwa "kukata tiketi", nao ni usemi mzuri wenye asili ya watu. Lakini tunaposema "nimeikatia pikipiki bima", kauli ya kutendea yatuonyesha kwamba mfaidika ni pikipiki. Msikilizaji ataelewa kwamba pikipiki ikivunjika italipwa. Kumbe bima iliyolazimishwa na sheria hailipi pikipiki ya mkata bima wala hata kioo chake cha pembeni; inalipa madai ya wale aliowadhuru. Atakaye pikipiki yake nayo ilindwe hana budi kukata bima pana zaidi, ile iitwayo mitaani "bima kubwa". Majina "kubwa" na "ndogo" yamezaliwa na watu wenyewe kwa sababu istilahi rasmi haikuwatosheleza. Tuyachukue majina hayo kama malalamiko yaliyosemwa kwa adabu.

Na abiria je? Hapa karatasi yetu imenyamaza kabisa. Hali ya abiria hutegemea masharti ya bima yenyewe, na hasa kama chombo kimekatiwa bima ya matumizi ya binafsi au ya biashara ya kubeba abiria. Mwendesha pikipiki aliyekata bima ya matumizi binafsi ili apunguze gharama, kisha akabeba abiria kwa nauli, amejiweka mahali pabaya, na abiria wake amewekwa pabaya zaidi bila kuulizwa. Jambo hilo lilistahili mstari mmoja.

Mpakani mambo haya huongezeka uzito. Bima ya ndani kwa kawaida huishia mpakani. Ng'ambo ya Rusumo au Mutukula stika ya nyumbani haina nguvu. Ndiyo maana ikawapo hati ya COMESA: huongezwa juu ya bima ya nyumbani, hubeba dhima kwa wengine kwa kadiri inavyotakiwa na sheria ya nchi inayotembelewa, na hugharimia matibabu ya dharura ya dereva na abiria waliomo katika chombo. Hailipi uharibifu wa pikipiki yenyewe. Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia, nasi twaendesha kushoto. Kwa mtu aliyetoka Kigongo asubuhi, dakika za kwanza baada ya mpaka ndizo za hatari kupita zote. Akimgonga mtu hapo akiwa na kijitabu cha chanjo pekee mfukoni, mkosaji ni dereva. Lakini sisi tuliompa jina lenye maana mbili hatuwezi kusema kwamba hatumo.

4. Pasi, kadi, kibali na stakabadhi

Mahitaji yaliyobaki twaweza kuyapitia kwa ufupi.

"Pasi" ni neno la zamani lenye haki yake, lakini leo limejaa: ni chombo cha kunyoshea nguo, ni mpira apewao mchezaji, na ni alama ya kufaulu. Tatizo hasa si hilo, kwani maana hizo hazikutani dirishani. Tatizo ni kwamba neno hilo laonyesha hati moja, hali zipo zaidi ya moja. Mtanzania aendaye nchi jirani aweza kutumia pasipoti, na aweza pia kutumia hati ya dharura ya safari itolewayo na Uhamiaji. Hapo twahitaji jina la jumla na majina ya aina: "hati ya kusafiria" liwe jina la jumla, na chini yake ziwepo "pasipoti" na "hati ya dharura". Karatasi iliyoandika "pasi" imemfanya mtu mwenye hati halali ya dharura aone kwamba hana kitu.

"Kadi", bila nyongeza yoyote, ni kadi ya usajili wa pikipiki. Mitaani inaeleweka vyema: mtu husema "naiuza na kadi yake". Lakini katika orodha ambamo mstari wa chini wataja kadi nyingine, ufupi huo si uzuri tena. Zaidi ya hayo, waendesha pikipiki wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Huendesha kwa mkataba, au kwa hesabu ya kila siku. Kadi ina jina la tajiri, na leseni ina jina la kijana. Mpakani pengo hilo hujazwa na barua ya mwenye chombo, ambayo karatasi haikuitaja. Kwa barua hiyo tunapendekeza neno "idhini", si "kibali" wala "ruhusa". Kibali hutolewa na mamlaka. Idhini hutolewa na mwenye mali. Kiswahili kina tofauti hiyo tayari, na ni hasara kuiacha ilale.

"Kibali cha muda" chatuuliza: muda wa nani? Wavukao mpaka ni wageni wawili, mtu na pikipiki yake, na kila mmoja ana mwenyeji wake. Mtu hupokewa na uhamiaji. Pikipiki hupokewa na forodha. Siku alizopewa mtu si lazima ziwe sawa na siku ilizopewa pikipiki, na pikipiki iliyozidisha siku zake yaweza kudaiwa ushuru kama bidhaa iliyoingizwa nchini. Msafiri asomaye "kibali cha muda" na kuona muhuri katika pasipoti yake ataamini kwamba mambo yamekwisha. Tuseme waziwazi: "kibali cha forodha cha kuingiza pikipiki kwa muda". Ni kirefu, lakini urefu wake una kazi. Na tusichanganye "forodha" na "ushuru": ya kwanza ni idara na mahali, ya pili ni fedha. Mtu aweza kupita forodha bila kulipa ushuru, na hilo ndilo kusudi la kibali chenyewe.

Mwisho ni "stakabadhi nyinginezo". Katika matumizi ya Tanzania stakabadhi ni karatasi ya kuthibitisha malipo, yaani risiti. Nchini Kenya neno hilo limepanuka, likawa na maana ya hati au nyaraka za aina yoyote. Hatusemi wenzetu wamekosea; neno hukua kwa watumiao. Lakini pale Sirari Mtanzania akiambiwa atoe stakabadhi aweza kuanza kutafuta risiti ya mafuta. Katika maandishi yasomwayo pande zote mbili za mpaka, "hati" ni neno salama zaidi. Na neno "nyinginezo" lifutwe kabisa. Orodha ya mahitaji isiyosema mwisho wake si orodha.

5. Pingamizi

Tunajua kwamba watakuwapo wasomaji wenye pingamizi, nalo si la kupuuzwa. Watasema kwamba istilahi haitungwi mezani; kwamba watu wamekwisha kuzoea "mtu wa tatu" na "kadi ya njano"; na kwamba neno refu hushindwa na neno fupi. Watatukumbusha "ngamizi", lililopendekezwa na wataalamu, likashindwa na "kompyuta". Watatukumbusha pia "bodaboda", ambalo hakuna baraza lililolitunga. Lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakati baiskeli zilipobeba abiria kutoka kituo hadi kituo. Likahamia kwenye pikipiki, likavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki bila pasipoti wala bima.

Twakubali. Lakini tutazame "bodaboda" lilishinda kwa nini. Lilisema kazi: kubeba mtu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Halikusema rangi ya baiskeli wala nafasi ya abiria katika mkataba. Kwa hiyo mfano huo waunga mkono hoja yetu. Watu hawachukii istilahi. Wanachukia istilahi isiyowasaidia. Wakipewa neno linalotaja kazi, hulichukua hata kama limetoka mezani. Wasipopewa, hutunga lao, kama walivyotunga "bima kubwa" na "bima ndogo".

Kuhusu mazoea tuna jambo moja la kuongeza. Mwaka 1967, mwaka ule ule Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, Serikali iliichukua biashara ya bima mikononi mwake kupitia Shirika la Bima la Taifa. Kwa miaka karibu 30 kulikuwa na mlango mmoja, na lugha ya mlango huo ingeweza kusanifiwa kwa urahisi. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua milango mingi. Kazi iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito, lakini haijawa bure. Mwaka 2021 sheria ilitamka kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Na mwaka huo huo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipokea kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Rwanda ilikwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hivyo mwaka 2022. Maneno tutakayoyaweka leo katika tafsiri za sheria yatasomwa Kigali na Kampala. "Mtu wa tatu" akiingia humo, kumtoa kutachukua kizazi kizima.

6. Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo, yajadiliwe na wenye kuhusika:

(a) "Bima ya mtu wa tatu" iitwe "bima ya dhima kwa wengine". Neno "dhima" tayari linatumika katika sheria, na "wengine" hawana namba. Ni wote waliomo njiani.

(b) Hati ya COMESA iitwe "bima ya kuvuka mpaka". Katika mazungumzo, apendaye rangi aseme "bima ya njano". Ni neno lisilo refu kuliko "kadi ya njano", nalo hutaja kazi kwanza.

(c) Kijitabu cha afya kiitwe "cheti cha chanjo", na inapolazimu "cheti cha chanjo ya homa ya manjano". Jina "kadi ya njano" lisiandikwe peke yake katika tangazo lolote la mpakani.

(d) "Hati ya kusafiria" liwe jina la jumla la pasipoti na hati ya dharura ya safari.

(e) "Kadi" iandikwe "kadi ya usajili wa pikipiki", na pale dereva asipokuwa mwenye chombo iongezwe "barua ya idhini ya mwenye chombo".

(f) "Kibali cha muda" kiandikwe "kibali cha forodha cha kuingiza pikipiki kwa muda".

(g) Kila hati katika orodha ifuatwe na mambo matatu: hutolewa na nani, huisha lini, na humlinda nani.

Pendekezo hili la mwisho si la istilahi hasa, lakini bila hilo yale sita ya kwanza hayatafika mbali. Istilahi njema hupunguza maelezo; haiyaondoi.

Walimu wanaweza kuanza bila kungoja uamuzi wa mtu. Mwanafunzi wa kidato cha pili akipewa orodha ya Kigongo na kuulizwa, "Hati hii humlinda nani?" atajifunza Kiswahili na uraia katika kipindi kimoja. Watafsiri nao, kabla ya kukabidhi kazi, wamsomee mtu mmoja ambaye hajawahi kuvuka mpaka, kisha wamwombe aseme atatia nini mfukoni. Akitaja kijitabu cha chanjo mahali pa bima, kazi irudi mezani.

Karatasi ya dukani, kwa kadiri tujuavyo, bado ipo ukutani. Tuliponakili mstari wake wa mwisho, vijana wawili walisimama kuisoma, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakapanda pikipiki na kuelekea darajani. Hatukupata nafasi ya kuwauliza wameelewa nini. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi zetu, hasa walio karibu na vituo vya Rusumo, Kabanga, Mutukula na Sirari, tunawaomba watuandikie.